Kumuachisha mgonjwa mashine: ekografi iingie wakati gani?



Miezi hii nimesoma TFC na memwari kadhaa za wenzetu wa udaktari na wa uuguzi, na nimeona zinafanana sana. Kichwa kinabadilika kidogo, lakini ndani ni kile kile: mchango wa ekografi katika kumuachisha mgonjwa mashine ya kupumulia. Mwandishi anachukua namba moja kutoka kazi ya Ulaya ao ya Marekani, anaiweka mbele yetu kama amri, kisha kwenye ukurasa wa mwisho anapendekeza: kabla ya kumjaribu mgonjwa bila mashine, kila reanimasio ipime kwanza diafragma yake kwa ekografi. Jiri inafurahi, picha zinapigwa, na pendekezo linabaki pale kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Mimi ekografi naipenda, tena sana. Inaletwa mpaka kwenye kitanda, haina miali ya hatari, na unaweza kuirudia mara nyingi kwa siku bila kumuumiza mtu. Lakini pendekezo lile linanisumbua. Ekografi ikiwekwa mbele ya jaribio inakuwa bariyeri barabarani, na kuna wagonjwa watakaosimamishwa pale wakati njia yao ilikuwa wazi. Ikiitwa baada ya mgonjwa kushindwa jaribio, inafanya kazi ambayo macho na masikio yetu hayawezi: inaonyesha nini kilimshinda.

Si wote hapa ni waganga, kwa hiyo nitaenda pole pole.

KUACHISHA NI NINI

Mgonjwa ambaye hawezi kupumua mwenyewe anawekewa tiyo kooni, na mashine inamsukumia hewa. Ugonjwa ukipungua, lazima siku moja apumue bila mashine na tiyo itolewe. Wafaransa kazi hiyo wanaiita kwa neno lile lile wanalolitumia kwa mtoto anayeachishwa ziwa. Na sisi tunaweza kusema vilevile: kumuachisha mgonjwa mashine.

Neno ni zuri, lakini lina mtego. Mama anamuachisha mtoto pole pole, leo kidogo, kesho kidogo. Basi watu wakafikiri hata mashine inatoka vile vile, siku kwa siku, ngazi kwa ngazi. Mwaka 1995 Esteban na wenzake wa Hispania walitoa kazi iliyotikisa mawazo hayo. Walichukua wagonjwa 546 waliokuwa wamekaa kwenye mashine wastani wa siku 7 na nusu, na ambao waganga waliwaona kuwa wako tayari kujaribiwa. Wakawaacha wapumue wenyewe mpaka saa 2, huku wakiwaangalia. 416 walivumilia, na tiyo ikatolewa pale pale. Hawakuhitaji ngazi yoyote. Walikuwa wanangojea tu mtu awaulize kama wanaweza.

Na wale 130 walioshindwa? Kuwajaribu mara moja kila siku kuliwatoa kwenye mashine karibu mara 3 haraka kuliko kupunguza pole pole idadi ya pumzi zinazotolewa na mashine, na karibu mara 2 haraka kuliko kupunguza pole pole nguvu ya msaada wake.

Mwaka uliofuata, 1996, Ely na wenzake huko Marekani walionyesha jambo lingine kwa wagonjwa 300. Katika kundi moja, wauguzi na mafundi wa kupumua waliwachunguza wagonjwa kila asubuhi kwa orodha fupi. Aliyetimiza masharti alijaribiwa, na akifaulu munganga wake aliambiwa. Kundi lile lilikaa kwenye mashine siku 4 na nusu, na lingine siku 6, tukichukua mgonjwa wa katikati. Hakuna chombo kipya kilichonunuliwa. Kilichobadilika ni kwamba swali liliulizwa kila siku, na lilikuwa na mtu wa kuliuliza.

Tafadhali mshike jambo hili, juu mengine yote yanasimama juu yake. Kitu kinachomchelewesha mgonjwa, mara nyingi, ni sisi kutomjaribu.

BEI YA SIKU MOJA

Mtu anaweza kusema: siku moja zaidi kwenye mashine, kuna ubaya gani? Si anapumzika?

Hapana, hapumziki. Diafragma ni ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta hewa. Mwaka 2008 Levine na wenzake walichunguza diafragma za watu 14 ambao ubongo wao ulikuwa umekufa na waliokuwa wakingojea kutoa viungo vyao. Mashine ilikuwa imewapumulia kati ya saa 18 na saa 69 tu. Nyuzi za msuli zilikuwa zimekonda kupita nusu, ukizilinganisha na za watu waliokaa kwenye mashine saa chache tu wakati wa upasuaji. Saa 69 hata siku tatu hazijatimia! Msuli usiofanya kazi unaisha, na unaisha haraka.

Ongeza nimonia inayopita kwenye tiyo. Ongeza dawa za kulaza zinazovuruga akili ya mgonjwa hata baada ya kuamka. Tena kwetu, ongeza familia. Ndugu zake wako kwenye baranda, wamelala chini, wanahesabu franga za oksijeni, za dawa, za damu, na za kitanda. Siku moja zaidi kwao inaweza kuwa shamba lililouzwa. Na nyuma ya yote kuna mgonjwa wa pili anayengojea mashine ile ile. Mwezi wa nne 2020, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hospitali za serikali katika nchi 41 za Afrika zilikuwa na mashine za kupumulia zinazofanya kazi chini ya 2,000, zote pamoja. Tangu pale mashine zimeongezeka, lakini hakuna munganga wa reanimasio kwetu atakayekuambia kwamba zinatosha.

Sasa, upande wa pili pia una hatari, na ni lazima niseme ukweli wote. Mgonjwa akitolewa tiyo mapema mno, anaweza kushindwa usiku na kurudishiwa haraka haraka. Wanaorudishiwa tiyo wanakufa wengi kuliko wasiorudishiwa. Kwa hiyo waandishi wa memwari zile hawana ujinga. Wanaogopa kitu cha kweli, na wanatafuta chombo cha kuwaambia mapema: huyu ndiyo, huyu bado. Swali langu ni kama sonda inaweza kweli kutoa jibu hilo.

SONDA INAONA NINI

Inaona vitu vitatu vikubwa.

Kwanza, diafragma. Unaweka sonda chini ya mbavu na kupima inashuka milimita ngapi kwa kila pumzi, ao unaiweka pembeni ya kifua na kupima msuli unanenepa kiasi gani mtu anapovuta hewa. Msuli unaofanya kazi unanenepa, sawa na mkono ukikunjwa.

Pili, mapafu. Pafu lenye hewa safi linatoa mistari ya kulala. Pafu lililoanza kuingia maji linatoa mistari inayoshuka mpaka chini ya picha kama mwanga wa tochi. Pafu lisilo na hewa kabisa linafanana na ini. Unapita sehemu 12 za kifua, kila moja unaipa alama kuanzia 0 mpaka 3, na jumla ya juu kabisa ni 36.

Tatu, moyo. Unaona kama unapiga vizuri, na kama upande wa kushoto unajaa kwa shida.

Hivi vyote ni vya kweli na vya maana. Shida inaanza pale tunapokata picha yote na kubakiza namba moja.

TUIANGALIE NAMBA 30

Namba inayorudi sana katika memwari za wenzetu ni asilimia 30. Diafragma ikinenepa asilimia 30 ao zaidi, mtoe. Chini ya hapo, mwache. Namba hiyo ilitoka kwenye kazi ya DiNino na wenzake, iliyochapishwa katika jarida la Thorax mwaka 2014. Ni kazi nzuri, yenye uaminifu, na ilikuwa na wagonjwa 63.

Katika wagonjwa hao, namba 30 iliwatambua asilimia 88 ya waliofaulu na asilimia 71 ya walioshindwa. Ukisoma haraka, unasema: safi! Lakini chukua kalamu. Waliofaulu kubaki bila tiyo walikuwa 49, walioshindwa 14. Ukizirudisha asilimia zile kuwa watu, unapata kwamba namba ile iliwaambia "bado" watu kama 16. Kati ya hao 16, kama 10 walishindwa kweli, na 6 walifaulu.

Soma tena: 6 kati ya 16. Zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu walioambiwa "bado" alikuwa tayari. Katika utafiti walipona hukumu hiyo kwa sababu namba haikuwa inaamua kitu. Watafiti walikuwa wanaangalia tu. Lakini siku wewe utakapoiandika ukutani kama sharti la reanimasio yako, watu 6 wale watabaki na tiyo kooni. Kosa hilo hutaliona kamwe, juu hakuna atakayejua kwamba wangeweza kutoka. Mgonjwa aliyetolewa mapema akashindwa anaonekana na kila mtu, mpaka mkubwa wa idara anaitwa usiku. Mgonjwa aliyecheleweshwa bila sababu analala kimya. Ni vile chombo kinaweza kupata sifa nzuri huku kinaumiza watu.

Tuingie sasa kwenye milimita. Pale pembeni ya kifua, diafragma ya mtu aliyetoa pumzi ina unene wa karibu milimita 2. Ikitoka 2.0 ikafika 2.6, ni asilimia 30: mtoe. Ikitoka 2.0 ikafika 2.5, ni asilimia 25: mwache. Tofauti kati ya uhuru na kifungo ni sehemu moja ya kumi ya milimita! Weka pale sonda ya zamani, mkono uliochoka baada ya zamu ya usiku, mgonjwa mnene anayetikisika, umeme unaokatika, kisha uniambie kama unaiamini ile sehemu moja ya kumi.

Tena kuna jambo ambalo memwari nyingi hazisemi: kipimo kilichukuliwa mgonjwa akiwa kwenye hali gani? Mashine ikiwa bado inasukuma hewa, diafragma inaweza kushuka vizuri kabisa bila yenyewe kufanya kazi, juu hewa ya mashine inaisukuma kutoka juu. Na kadiri msaada wa mashine unavyoongezeka, ndivyo msuli unavyojituma kidogo na kunenepa kidogo. Mgonjwa ni yule yule, saa ni ile ile, lakini ukigeuza kifungo cha mashine namba inageuka. Mtu akiandika "asilimia 22" bila kusema mashine ilikuwa imewekwa namna gani, hajaandika kitu.

Mwishowe kuna kazi ambayo ningependa kila mwanafunzi anayechagua mada hii aisome kabla ya kuandika neno la kwanza. Vivier na wenzake wa Ufaransa, katika jarida la Chest mwaka 2019, walichukua wagonjwa 191 kutoka reanimasio mbalimbali. Wote walikuwa watu wa hatari, wale ambao kweli unajiuliza utawatoa ao hapana. Wakapima diafragma zao baada ya kufaulu jaribio, kisha wakangoja. Ekografi haikuweza kuwatenga watakaoshindwa na watakaofaulu. Kilichoonyesha hatari kilikuwa kikohozi dhaifu. Kikohozi, ndugu zangu! Kitu ambacho muuguzi anakijua kwa kumwambia mgonjwa, "Baba, kohoa kwa nguvu."

BARIYERI

Kuna atakayenijibu: hata kama namba haikamiliki, kuiongeza kunaharibu nini? Taarifa zaidi si ni bora?

Jibu liko katika historia ya namba nyingine. Mwaka 1991 Yang na Tobin walitoa kipimo kimoja rahisi sana. Hesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika, gawanya kwa ukubwa wa pumzi moja kwa lita. Ukipata zaidi ya 105, anapumua haraka haraka na juu juu, atashindwa. Kipimo kile kilipendwa dunia nzima, na mpaka leo kinafundishwa. Kama kutabiri, kilitabiri vizuri.

Kisha mwaka 2006 Tanios na wenzake wakafanya kitu ambacho watu wengi hawakukifikiria: wakajaribu kukitumia kweli kuamua. Wagonjwa 304 waligawanywa kwa kura. Kundi moja, kipimo kinahesabiwa na kinaamua nani ajaribiwe. Kundi lingine, kipimo hakitumiki kuamua. Mgonjwa akitimiza masharti ya kawaida anajaribiwa tu. Waliopitishwa kwenye kipimo walitumia siku 3 kuachishwa mashine. Wengine walitumia siku 2. Na kwa upande wa kurudishiwa tiyo, kipimo hakikuwalinda zaidi.

Kazi ile haikuhusu ekografi, na sitaki mtu aseme nimeichanganya. Lakini funzo lake linatuhusu sana. Kutabiri ni kitu kimoja. Kusaidia ni kitu kingine. Kila bariyeri unayoiongeza barabarani inasimamisha magari, hata yale yenye karatasi zote sawa. Na bariyeri ya ekografi ni nzito kuliko ile ya 1991, ambayo ilihitaji tu saa ya mkono na kipimo cha hewa. Hii inahitaji chombo, jeli, umeme, na mtu aliyejifunza. Kama chombo kiko kwenye uzazi mpaka saa nane na mtu anayekijua yuko kwenye semineri mpaka Jumatatu, mgonjwa wako aliyekuwa tayari Ijumaa atangoja mpaka Jumatatu. Na kwenye dosye itaandikwa: "anangojea ekografi."

Ongeza swali la wagonjwa wenyewe. Namba hizi zilitoka katika reanimasio za nchi tajiri, mahali ambapo wengi kwenye mashine ni wazee, wenye mapafu yaliyoharibika miaka mingi ao moyo uliochoka. Kwetu vitanda vile vinalala vijana wengi: ajali ya pikipiki, mama mwenye eklampsia, tumbo lililooza baada ya utumbo kutoboka, pepopunda. Sisemi namba haziwezi kufanya kazi kwao. Nasema kwamba anayezileta huku ana deni la kuzipima huku kwanza, na memwari yenye wagonjwa wachache bila kundi la kulinganisha haiwezi kulipa deni hilo.

MAHALI PAKE

Basi ekografi tuifanyie nini? Tuiweke pale ambapo hakuna kingine kinachoweza kujibu.

Turudi kwa wale 130 wa Hispania. Mgonjwa amejaribiwa, na baada ya dakika 20 anapumua zaidi ya mara 35 kwa dakika, oksijeni imeshuka chini ya 90, jasho linamtoka, macho yamemtoka. Kuyaona hayo hakuhitaji sonda. Unamrudisha kwenye mashine. Sasa swali limebadilika. Tunajua tayari kwamba ameshindwa, na sasa tunatafuta ni nini kilimshinda. Maana kesho ukimjaribu tena bila kubadilisha kitu, unarudia tu mateso yale yale.

Lemaire na wenzake wa Ufaransa walituonyesha hilo mwaka 1988, kabla ekografi ya mapafu haijajulikana. Walikuwa na wagonjwa 15 wenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, ambao kila wakitolewa mashine walishindwa. Kila mtu aliangalia mapafu. Wao walipitisha waya mpaka kwenye mishipa ya moyo, wakaona kwamba dakika chache baada ya mashine kuondolewa, mkandamizo upande wa kushoto wa moyo uliruka kutoka karibu 8 mpaka karibu 25. Kumbe moyo njo ulikuwa unashindwa, na maji yanarudi mapafuni. Wakawapa dawa za kutoa maji kwa mkojo. 9 kati ya 15 wakatoka kwenye mashine.

Siku hizi hatuhitaji tena waya ule kwa kila mtu. Tuseme kuna mama wa miaka 24, eklampsia, ameshindwa jaribio mara mbili. Unaleta sonda kabla ya jaribio la tatu na unairudia mwishoni mwake. Kama mapafu yalikuwa safi mwanzoni na sasa mistari ya maji imejaa pande zote mbili, na moyo unajaa kwa shida, njia ni ile ya Lemaire: toa maji, shusha presha, ujaribu tena. Kama chini ya pafu kuna maji mengi yaliyolizunguka, pengine ni kuyatoa kwa sindano. Kama mapafu na moyo viko sawa lakini diafragma haisogei, unafikiria msuli: chakula, chumvi za damu, dawa za kulaza zilizobaki, mazoezi, uvumilivu. Mama ni mmoja, majibu ni matatu, na kila jibu lina dawa yake. Hapo ekografi imefanya kazi ya munganga, na haikumzuia mtu yeyote.

Hata mgonjwa aliyefaulu inaweza kumsaidia. Soummer na wenzake wa Paris, mwaka 2012, walipima mapafu ya wagonjwa 100 kabla na mwishoni mwa jaribio la saa moja. Waliokuwa na alama chini ya 13 mwishoni, wachache tu walipata shida baada ya tiyo kutoka. Waliopita 17, wengi walipata. Katikati, kati ya 13 na 17, picha haisemi kitu cha hakika, na watafiti wenyewe hawakuficha. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: aliyefaulu jaribio akiwa na alama kubwa, usimnyime kutoka kwa sababu ya namba peke yake. Jiulize kwanza kama kuna maji ya kutoa. Mlaze karibu na muuguzi, andaa maski ya kumsaidia kupumua, na usimtoe saa kumi na moja jioni wakati timu inaenda nyumbani. Ukiitumia vile, namba inaongeza uangalizi bila kufunga njia.

MEMWARI INAYOFUATA

Sikuandika haya ili kukatisha mtu moyo. Wewe mwenye mada hii mkononi, usiifute. Ibadilishe swali.

Badala ya kuuliza kama asilimia 30 inatabiri, jambo ambalo limeulizwa mara nyingi na watu wenye wagonjwa wengi kuliko wewe, uliza hivi: kati ya wagonjwa walioshindwa jaribio la kwanza kwetu, ekografi ilibadilisha matibabu kwa wangapi, na ilibadilisha nini? Hata wagonjwa 20 wakielezwa vizuri, mmoja mmoja, watatufundisha. Andika mashine ilikuwa imewekwa namna gani. Watu wawili wapime diafragma ile ile, kila mmoja bila kujua namba ya mwenzake, halafu utuambie walitofautiana milimita ngapi. Matokeo yakitoka mabaya, yaandike vilevile.

Na kama hospitali yako haina ekografi kabisa, usilie. Kuna kazi nyingine inayohitaji kalamu na daftari tu, na mimi naiona ina thamani kuliko memwari zote nilizozisoma. Kwa kila mgonjwa, andika saa aliyotimiza masharti ya kujaribiwa: ugonjwa umepungua, ameamka, presha imetulia, oksijeni anayohitaji si nyingi. Kisha andika saa aliyojaribiwa kweli. Toa moja kwa nyingine. Zile saa za katikati ni zetu, hazitokani na ugonjwa. Ziko pale kwa sababu munganga hakuwepo, kwa sababu muuguzi aliona yuko tayari lakini hana haki ya kuanza, kwa sababu ilikuwa Jumapili, ao kwa sababu kuna karatasi ilikuwa inangojewa. Ukizihesabu, hospitali itajua siku ngapi za mashine inazipoteza, na familia kwenye baranda watajua walikuwa wanalipia nini.

Wale mnaofanya kazi reanimasio, nawaomba mtuandikie hapa chini jambo moja tu: kwenu, nani ana haki ya kuanzisha jaribio, na kama huyo mtu hayuko, mgonjwa anangoja mpaka lini?